Mgeni Asiyekula Chaza

Mtu anayeshuka basi Saint-Aubière mwezi wa Februari, ama amekosea kituo ama ana lake jambo. Ndivyo alivyofikiri Régine Cazalis alipomfungulia mlango yule mzee mrefu mwenye sanduku dogo la kahawia, na tangu dakika ile hakumwamini hata chembe.

"Nasikia una chumba, Bibi," mzee alisema.

"Ninacho cha wageni wa kiangazi."

"Basi nipe hicho hicho. Mimi na baridi tumezoeana."

Aliitwa Gratien Delpuech. Alitoka juu milimani, kwa wafuga kondoo, mwendo wa saa mbili kwa gari. Amekuja kupumzika, alisema. Kupumzika! Upepo wa kaskazini una siku ya tisa haujanyamaza, ziwa la maji ya chumvi limegeuka rangi ya bati, nyumba za wageni zote zimefungwa madirisha, hata paka wa gatini wamejificha, halafu mtu anakuja kupumzika. Régine alipokea malipo ya wiki mbili, akamkabidhi ufunguo na taulo, kisha akaenda moja kwa moja jikoni kwa mwanawe.

"Fabrice, tumepata mpangaji."

Fabrice alikuwa na miaka thelathini na minne na bado alikunywa supu amesimama, kama baba yake marehemu. Aliweka bakuli chini. "Mpangaji gani Februari?"

"Ndilo swali langu hilo. Anasema amekuja kupumzika."

"Labda ni kweli, Mama."

"Labda na mimi ni askofu."

Régine hakuzaliwa na mashaka hayo. Yalimwingia Januari, na sababu yake mji mzima unaijua. Mvua za Krismasi zilifurisha mitaro ya vijiji vya juu, uchafu wote ukateremka ziwani, na wakubwa wa afya wakalifunga ziwa. Chaza asitolewe, asiuzwe, hata mmoja, mpaka maji yapimwe na yaonekane safi. Wiki nne nzima, tena katika msimu ambao Ufaransa yote inakula chaza. Watu walitukana, wakapiga meza ngumi, kisha wakakaa kungoja kwa sababu hawakuwa na la kufanya. Katikati ya kungoja huko, asubuhi moja, Fabrice alirudi toka ziwani akasema kamba kumi na mbili zimekatwa kwenye meza yao. Hazipo. Zimeibiwa.

Meza, kwa watu wa pale, si ya kulia chakula. Ni vyuma vilivyosimikwa majini, na juu yake zinaning'inia kamba zinazoshuka mpaka karibu na tope. Kwenye kila kamba wamegandishwa chaza kwa saruji, watatu watatu, kwa mkono, mmoja baada ya mwingine. Wakae humo wanenepe. Kamba kumi na mbili si kitu cha kuangukia mfukoni kwa bahati mbaya. Na mkono uliowagandisha chaza wale wote ulikuwa wa Régine.

Nani kakata? Meza ya jirani ilikuwa ya Norbert Azéma, na kuna aliyemwona Norbert ziwani Jumatatu moja, peke yake, wakati hakuna aliyekuwa na shughuli huko. Hilo tu. Mtu mwenye akili zilizotulia angeuliza kwanza. Régine hakuuliza. Alivaa buti, akaenda mpaka kwenye banda la Huguette, mke wa Norbert, akasimama mlangoni mbele ya vibarua wawili, akapaza sauti.

"Mwambie mumeo arudishe kamba zangu!"

Huguette alikuwa shoga yake wa miaka arobaini. Walikuwa wanagandisha chaza benchi moja, wanasikiliza redio moja, wanawacheka wanaume wale wale. Walizeeka pamoja, na kila mmoja alijua dawa anazokunywa mwenzake na saa ya kuzinywa. Huguette aliiweka chini saruji aliyokuwa ameishika.

"Miaka arobaini, Régine," alisema. "Miaka arobaini!"

Akampa kisogo. Tangu siku hiyo hapakuwa na salamu. Mmoja akiingia duka la mikate, mwingine anatoka, awe amepata mkate au hakupata. Régine alihamia kugandisha kwenye banda lake mwenyewe, peke yake, mlango kwa komeo, redio kazima kwa sababu vichekesho havichekeshi ukivisikiliza peke yako. Usiku alijiambia hakukosea. Asubuhi alijiuliza kama hakukosea.

Sasa unaona kwa nini mgeni huyu alikuwa kama zawadi. Mwizi akiwa mtu wa kuja, toka huko milimani, basi Norbert ni safi, na Régine anaweza kwenda kwa Huguette, kupiga magoti kama itabidi, na kumwomba radhi. Alimtaka Delpuech awe mwizi. Alilitaka hilo kwa roho yake yote.

Na Delpuech hakumwangusha, maana vituko vyake vilianza mapema. Jumapili ya kwanza, ziwa likiwa limeshafunguliwa, Régine alimwekea mezani chaza sita, wamefunguliwa wakati ule ule, na kipande cha limau pembeni. Zawadi ya nyumba. Mzee aliitazama sahani, rangi ikamtoka usoni. Akaisogeza polepole mpaka katikati ya meza.

"Samahani, Bibi. Sili."

"Wanakudhuru?"

"Hapana."

"Basi una nini?"

"Sili tu."

Ebo! Mtu anakuja Saint-Aubière, mahali ambapo watoto wanapewa chaza kabla hawajaota meno, halafu hawali? Hakuna pwani ya kuogelea Februari, hakuna muziki, hakuna kitu. Kama hukuja kula chaza, umekuja kufanya nini?

Jibu la nusu lililetwa na Lucette mwenye mkahawa, ambaye habari zote za mji hupita kwake kabla ya kuwafikia wenyewe. Alikuja Jumanne, bado kavaa aproni.

"Mpangaji wako yule, anazunguka mabanda yote," Lucette alisema. "Anabisha hodi, anaomba kutazama watu wakigandisha. Kwa Huguette kasimama nusu saa."

"Anatazama chaza?"

"Anatazama mikono, shoga. Mikono! Uso wa Huguette hakuutazama hata mara moja. Sawa, kwa umri wetu huu simlaumu, lakini nusu saa?"

"Na Huguette alimwambia nini?"

Lucette alisita. "Alimpa kahawa. Huguette ni mtu wa watu, unamjua."

Régine alimjua.

Siku hiyo hiyo jioni Delpuech alimgongea mlango wa banda. Régine alitoa kichwa tu.

"Naomba nikutazame ukifanya kazi, Bibi. Dakika tano."

"Sifanyi maonyesho."

"Dakika mbili."

"Bwana Delpuech, tangu Januari mlango huu haufunguliwi kwa mtu. Tuliibiwa. Hukusikia?"

"Nilisikia," mzee alisema, akimtazama kwa makini. "Mliibiwa lini hasa, Januari?"

Régine alimfungia mlango usoni. Anauliza lini! Mwizi anamuuliza mwenye mali siku ya wizi! Alibaki nyuma ya mlango, na kwa mara ya kwanza tangu mwaka uanze alijisikia vizuri.

Asubuhi yake alipokuwa anammiminia kahawa, alimfumania anautazama mkono wake wa kulia. Si kutazama kwa bahati. Alikuwa ameinama, miwani kwenye ncha ya pua.

"Hicho kidole gumba uliumia wapi?" mzee aliuliza.

"Kisu cha kufungulia chaza. Zamani."

"Na ukigandisha huwa unavaa glavu?"

"Unataka kujua ya nini?"

Delpuech alikoroga kahawa isiyokuwa na sukari. "Wenzako wote wanavaa," alisema tu.

Alipoondoka, Régine alimweleza Fabrice neno kwa neno. Fabrice wiki ile alikuwa haonekani nyumbani. Anakula kwa Lucette, anarudi mgeni kalala, anatoka mgeni hajaamka. Régine alidhani ni fedheha ya kuibiwa, maana wanaume wana namna zao za kuona haya. Lakini aliposikia habari ya glavu, Fabrice aligeuka mweupe kama ukuta.

"Mrudishie pesa zake aende zake," alisema.

"Aende? Kabla sijamkamata?"

"Mama, huyo ni mtu wa kodi. Au mwandishi. Au mwendawazimu. Utamkamata na nini?"

"Kama kaja kupima meza zilizobaki, nitamkamata na ushahidi."

"Kamba zimekwenda. Ziache!"

"Zimekwenda na shoga yangu, Fabrice!" Régine alipiga kelele, akashangaa mwenyewe machozi yalikotoka. "Kamba nitagandisha nyingine. Huguette nitamgandisha wapi?"

Fabrice akachukua kofia yake, akatoka bila kuvaa koti, katika upepo ule.

Ushahidi ulipatikana Jumapili ya pili, saa nne asubuhi, Régine alipoingia chumba cha mgeni kubadili mashuka. Delpuech alikuwa ametoka kwenda kwa Lucette kunywa kahawa. Sanduku la kahawia lilikuwa ndani ya kabati, na kabati lilikuwa limefungwa, na Régine alilifungua. Tusimtetee. Alifungua kabati, akafungua sanduku, akainua fulana mbili za sufu, na chini yake akakuta mkebe wa biskuti. Ndani ya mkebe kulikuwa na kitambaa cha kichwa cha mwanamke, cha hariri, chenye maua ya buluu. Ndani ya kitambaa kulikuwa na makombe matatu ya chaza.

Wewe na mimi tungeona makombe. Régine alijiona mwenyewe.

Mgongoni mwa kila kombe palikuwa na donge la saruji, lile linalobaki chaza akishabanduliwa kwenye kamba. Muuzaji mwenye adabu zake huwasugua chaza wake. Aliyewauza hawa alikuwa na haraka. Na katikati ya kila donge palikuwa na alama ya kidole gumba, kina chake kimoja, na mstari uliokikata kidole mshazari.

Saruji inakula ngozi, ndiyo maana watu wote huvaa glavu. Régine hakuvaa kamwe. Alisema akiwa na glavu hamsikii chaza, hajui kama amekaa sawa. Mikono ilimchubuka kila majira ya baridi, akaipaka mafuta, akaendelea. Kovu lake lilijichapa kwenye kila donge, mwaka nenda mwaka rudi, na ziwani watu waliliita muhuri wa Régine. Fabrice alipokuwa mdogo alikuwa akiutafuta muhuri ule kwenye sahani za watu. Akiupata anawatangazia wenzake, "Huyu kagandishwa na mamangu, kwa mkono mtupu!"

"Nimekupata," Régine aliyaambia makombe. "Nimekupata, mshenzi wewe."

Hakuvaa koti. Aliyafunga makombe ndani ya aproni, akateremka mtaani akikaribia kukimbia, nywele zikipeperushwa, na waliomwona walijua kuna jambo wakamfuata.

Mkahawa wa Lucette ulikuwa umejaa kama kila Jumapili kabla ya chakula. Ziwa lilikuwa limeshafunguliwa, kwa hiyo kila meza ilikuwa na chaza na mvinyo mweupe. Norbert alikuwa anacheza karata. Huguette alikaa karibu yake, anafuma. Fabrice alisimama kaunta na glasi yake. Na Delpuech alikuwa pembeni dirishani, peke yake, na kikombe cha kahawa.

"Simama!" Régine alimwambia.

Karata ziliwekwa mezani. Mzee alisimama.

"Jamani, mnamwona huyu? Mnamwona anayetembea kwenye mabanda yenu anawatazama mikono, nanyi mnampa kahawa?" Alimtupia Huguette jicho, la kusihi zaidi kuliko la kulaumu. "Haya, tazameni alichoficha chini ya fulana zake!"

Akayamwaga makombe kwenye meza ya kwanza aliyoikuta, katikati ya sahani za watu.

"Mama," Fabrice alisema toka kaunta, kwa sauti ndogo. "Mama, twende nyumbani."

"Siendi! Njoo utazame. Njooni nyote! Hizi ni kamba zangu kumi na mbili, zilizoibiwa Januari. Hili donge hapa. Huu muhuri." Alichukua kombe moja, akaliinua juu, akakichomeka kidole gumba chake ndani ya saruji iliyokauka. Kikakaa barabara, na kovu juu ya mstari wa kovu. "Nani mwingine ziwa hili ana kidole hiki? Semeni! Nani?"

Delpuech alikuwa amesogea mpaka mbele yake. Hakuonekana kama mtu aliyefumaniwa. Alivua kofia.

"Una hakika, Bibi?" aliuliza taratibu. "Ni kazi yako? Si ya mtu mwingine?"

"Nina hakika kama nilivyo na hakika na jina langu!"

"Basi nimefika," mzee alisema.

Akavuta kiti akakaa. Alipoanza kuzungumza aliyatazama makombe, si watu.

"Mimi nilikuwa mwashi," alisema. "Saruji nimeishika maisha yangu yote, na naweza kukuambia ukuta kaujenga nani kwa kutazama alama tu. Mke wangu alikuwa Albanie. Vuli alifanyiwa upasuaji mkubwa, akatoka mwepesi kama unyoya, hataki kula. Nikapika hiki, hataki. Nikapika kile, hataki. Tarehe kumi na sita Januari, siku ya soko, akasema anatamani chaza. Mimi nilifurahi, mnajua? Nilifurahi kwamba ametamani kitu. Nikamteremsha sokoni, nikabaki ndani ya gari kwa sababu hapakuwa na pa kuegesha. Alirudi na kikapu na anacheka."

"Januari kumi na sita ziwa lilikuwa limefungwa," Norbert alisema.

"Nilikuja kujua baadaye. Usiku ule tumbo lilimkamata. Mtu mzima wa afya angeugua siku mbili akapona, daktari aliniambia hivyo. Yeye zilimtosha siku nne. Tulimzika tarehe ishirini na mbili."

Kule nyuma Lucette alizima redio. Régine alibaki na kombe mkononi, kidole bado kimo ndani ya saruji.

"Sikuja kuua mtu," Delpuech aliendelea. "Muuzaji sikumwona. Hakuwa na kibanda, wala jina, wala karatasi, gari jeupe tu. Lakini Albanie alinisimulia njiani. Alisema kijana alikuwa na adabu sana. Alisema alimwongezea chaza wawili bure, akamwonyesha saruji, akamwambia, Tazama hiki kidole, Bibi. Hawa kawagandisha mamangu, kwa mkono mtupu, hakuna mwingine kama yeye ziwa zima." Mzee alipangusa midomo. "Albanie aliona ni maneno mazuri. Mtu anayejivunia mama yake, alisema. Kwa hiyo nimezunguka vijiji vya ziwa hili, huu ni wa tatu, nikitafuta mama asiyevaa glavu."

Hapo ndipo Régine alipoelewa. Mwizi hawezi kuyajua maneno yale. Maneno yale aliyasikia yeye kwa miaka kumi, kwenye sahani za watu, kwa sauti ya mtoto. Aligeukia kaunta. Fabrice alikuwa anatazama sakafu.

Mkahawa mzima uligeuka pamoja naye. Ndipo mtu akasema, wazi kabisa, toka kwenye meza ya karata:

"Ziliibiwa."

Alikuwa Huguette. Alikuwa ameweka ufumaji wake mapajani.

"Kamba zile ziliibiwa," Huguette alisema tena, akimtazama Delpuech usoni. "Pole sana na msiba, Bwana. Lakini mwizi husema lolote auze. Mamangu hivi, mamangu vile. Muhuri wa Régine unajulikana ziwa zima. Tangu Januari mji huu unajua Régine kaibiwa, mwenyewe kapiga kelele mitaani, muulize yeyote."

Norbert alimgeukia mkewe, macho yamemtoka. Alifungua mdomo aseme, lakini Huguette akamshika mkono kwa nguvu.

Huguette alikuwa amemfungulia mlango wa kutokea, wala haukuhitaji hata kusukumwa. Régine alikuwa na kazi moja tu, ya kutikisa kichwa. Ziliibiwa. Mzee angekusanya makombe yake arudi milimani bila jina. Fabrice angebaki na meza ya baba yake. Na kama ziliibiwa, kuna aliyeiba, na mji wote ulikuwa umeshaambiwa ni nani, na aliyewaambia ni Régine. Norbert angezeeka na neno lile, na watoto wake wangelirithi. Huguette alilijua hilo. Alikuwa amekaa pale, mgongo wima, anamwokoa Fabrice kwa jina la nyumba yake mwenyewe, kwa ajili ya mtu asiyemsalimu.

"Mama," Fabrice alisema.

Mungu anajua Régine alimpenda mwanawe kuliko pumzi. Alimtazama, akaona yule mtoto na sahani za watu, akaona na huyu mwanaume. Akamwona amesimama jikoni Januari, anamwacha mama yake avae buti kwenda kumtukana mtu asiye na hatia. Hakumzuia. Wala siku ile wala siku nyingine yoyote.

"Hazikuibiwa," Régine alisema.

"Régine, nyamaza," Huguette alimwambia.

"Hazikuibiwa, shoga. Hakuna aliyeiba. Norbert, hukuiba, na nilikusingizia mbele za watu, na nakuambia mbele za watu." Akageukia kaunta. "Fabrice. Vua kofia. Njoo umwambie huyu bwana kwa mdomo wako."

Fabrice alikuja. Ilimchukua muda mrefu kupita kati ya viti, ingawa watu walimpisha. Alisema alidhani marufuku ile ni mambo ya ofisini tu. Alisema maji yalikuwa yanaonekana safi. Alisema wateja walikuwa wanampigia simu na hakutaka meza ife mikononi mwake. Kisha akaacha kusema alidhani, akasema alimkumbuka yule bibi, mwenye kitambaa cha maua ya buluu, na akaanza kulia kwa sauti ya mtu asiyejua kulia.

Delpuech alimsikiliza mpaka mwisho. Hakumpiga, hakumsamehe. Aliyakusanya makombe mawili mezani, akamwomba Régine lile la tatu, na Régine ikambidi akichomoe kidole.

Jumatatu Fabrice alikwenda mwenyewe kwa wakubwa wa ziwa. Kibali cha meza kilifutwa wiki ile ile, na mengine yatakuja na hakimu. Delpuech aliondoka kwa basi la asubuhi. Siku zake nne za kukaa zilikuwa bado, na Régine alipotaka kumrudishia chochote alikataa kwa kichwa. Hakuna aliyemsindikiza. Wangemsindikiza kwa uso gani?

Régine alikaa bandani siku tatu, mlango wazi, hana cha kugandisha. Siku ya nne kivuli kilisimama mlangoni.

"Nina chaza elfu mbili na mgongo unaniuma," Huguette alisema. "Unakuja, au unaendelea kuutazama ukuta?"

"Huguette, mimi..."

"Sikukuuliza kitu. Unakuja?"

Régine aliinuka. Nyuma ya mlango, kwenye msumari, kulikuwa na jozi ya glavu za mpira ambazo Fabrice alimnunulia miaka mingi nyuma, bado ngumu, hazijawahi kuvaliwa. Alizichukua.

Benchini walikaa sehemu zao za zamani. Régine alizivaa zile glavu, akachota saruji, akamweka chaza wa kwanza kwenye kamba, akabonyeza. Chaza akakaa upande. Akambandua, akaanza upya. Donge lilitoka laini, halina alama yoyote, kama la mtu yeyote.

Huguette alimtazama akihangaika mpaka chaza wa tano.

"Vua hizo. Unaniharibia kamba."

"Siwezi," Régine alisema.

Huguette hakubishana. Aliisogeza ndoo ya saruji iwe karibu na mwenzake, akaiwasha redio, na wakaendelea kugandisha.